Gari la Kumfikia Mama Ngoliba

Wafula, ndugu yangu,

Nimenunua gari. Najua umeshaanza kucheka, maana wewe ndiye uliyenivuta shati siku ile nilipotaka kununua gari kwa sababu redio yake ilikuwa ikilia vizuri. Safari hii nisikilize hadi mwisho.

Mama yangu bado yuko Ngoliba, na miguu imekataa. Kliniki yake iko Thika, na kale kagari kangu kadogo kakifika kwenye yale makorongo kanalalia tumbo. Mara ya mwisho majirani walimbeba Mama kwa kiti hadi barabarani. Unamjua. Akasema, "Sitabebwa tena kama kabati. Nitakaa kwangu." Akakosa kliniki iliyofuata. Kwa hivyo nilihitaji gari la juu, lenye nguvu, na mfuko wangu ungeweza tu kuniletea mzee aliyezunguka Kenya nzima. Mke wangu naye akaniambia kwa ule upole wake wa kutisha: akiba ni hii, ukileta skrapu hakuna nyingine.

Nilitaka kwenda peke yangu. Mkeo akakataa. Ndiyo, Mama Brian. Zile Jumamosi ulizokuwa chini ya magari ya watu pale Makongeni, mimi nikidhani anakuletea uji tu, kumbe alikuwa akisikiliza. Alitokea amevaa koti lako la buluu, mikono ameikunja. "Baba Shiko, wewe ukiona viti vya ngozi akili inatoka. Twende."

Tukaanzia Ruiru, kwa dalali mmoja mwenye viatu vyeupe. Gari linang'aa. Viti vya ngozi, Wafula! Nilikuwa nimeshakaa ndani, nimeshajiona nikiingia kanisani. Mama Brian akaweka kiganja kwenye boneti, kama ulivyokuwa ukifanya, kama mtu anayempima mtoto homa.

"Hii gari imewashwa kabla tufike."

"Hapana mathe, nilikuwa naisongeza tu kwa kivuli."

Mama Brian akatazama juu, kisha kulia, kisha kushoto. "Kivuli gani?"

Uwanja mzima ulikuwa jua tupu. Hata dalali alicheka. Injini ikishapashwa moto, utajuaje inavyoamka asubuhi, na inatoa moshi gani? Halafu kilomita kwenye dashibodi zilikuwa chache ajabu, lakini raba ya pedali ya breki ilikuwa imelika hadi chuma kinachungulia. Chini, chasisi ilikuwa imepakwa rangi nyeusi juzi juzi. Mama Brian akakwaruza kwa ufunguo, kutu ikamwagika. Nikashuka pole pole, kama mtu aliyekalia kiti cha bwana harusi kwa makosa.

La pili lilikuwa Kalimoni, kwa nesi mstaafu. Huyo ungempenda. Wewe ulisema gari linaendewa kama mchumba: watu waketi, waombe, wanywe chai. Alikuwa ameahidi kwa simu hataliwasha asubuhi, na kweli boneti ilikuwa baridi. Likawaka mara moja. Moshi kidogo, ukapotea. Akaliacha lingurume tukiwa kwenye chai. Nikakumbuka maneno yako: "Kunywa pole pole, Njoroge, lipe nafasi ya kuvuja." Nikanywa, nikaongezewa, nikanywa tena. Mama Brian akalala chini na tochi: hakuna tone. Mshale wa joto haukusogea. Mwenyewe hakuficha: limetembea sana, shoku za nyuma zimechoka hadi linarusharusha abiria, kiyoyozi kilikufa zamani. "Mimi ni nesi," akasema, "siwezi kukuambia mgonjwa ni mzima."

Tukalizamisha makusudi kwenye matope ya shambani, tukaweka gia ya magurudumu yote manne, likajitoa. Nilipiga kelele kama mtoto. Kabla ya kulipa tukalinganisha namba ya chasisi na ya kitabu cha gari, tukahakikisha pia halina mkopo wa benki.

Njiani Mama Brian alikuwa akikunja na kukunjua mikono ya koti lako. Halafu akasema, "Angeanza kwa kukutukana vile unashika usukani." Tukacheka hadi nikaegesha kando. Halafu... basi. Unajua.

Wiki hii tukaenda Ngoliba, shoku mpya, makorongo tukayapita tukiimba. Mama akatoka na kitambaa chake cha Jumapili. Akasimama kwenye baraza ya saruji mbele ya mlango wake, iliyoinuka kama jukwaa, akalitazama gari kutoka chini hadi juu.

"Sasa, Njoroge, hii mlimuletea twiga?"

Ngai! Tuliangalia kila kitu, Wafula, ila miguu ya Mama. Gari la juu, na yeye hawezi kuinua goti. Nikaona akiba yote imesimama pale uani. Nikamwomba nimuinue, jicho alilonitupia, hata wewe ungerudi nyuma.

Mama Brian akanifukuza kwenye usukani. Akarudisha gari kinyumenyume, taratibu, hadi ubavu wake ukakaribia kugusa ile baraza. Akafungua mlango. Kutoka barazani hadi kwenye kiti ilikuwa hatua moja, tena ya kushuka. Mama akaingia mwenyewe, akaketi mbele, akapanga sketi.

"Sijabebwa," akatangazia majirani. "Nimeingia."

Kliniki alifika mapema. Daktari akimweleza dawa, yeye aliuliza tu lini atakuja tena.

Pumzika, ndugu yangu. Desemba nakuja Bungoma na mkeo na watoto, kupalilia kaburi lako na kukuambia yaliyobaki. Nakuahidi, ataendesha yeye.

Wako,
Njoroge