Barua Saba Zenye Kichwa cha Mama

Kaka Rajabu huko Palma,

Shikamoo, na mama mpe yake. Hapa Mtwara hatujambo, mikorosho imeanza kutoa maua.

Usishangae kuona karatasi. Simu yako haipatikani tangu Ijumaa, na jirani yangu Mussa anavuka mpaka pale Kilambo kesho, ndiye niliyemkabidhi hii. Programu ya barua pepe hapa ofisini ilishanichosha. Kila ikipanga barua kwenye mafolda ilikuwa inakwama, na ukiiwasha tena unakuta barua moja imekuwa sita, saba. Nikazoea kusoma ya kwanza na kufuta zilizobaki.

Jumatatu nilikuta saba zako, zote zenye kichwa "Mama". Ya kwanza ilisema amelazwa, homa imeshuka, anauliza nakuja lini. Nikashukuru, nikafuta sita. Leo fundi ananiambia programu aliitengeneza tangu Alhamisi iliyopita, kabla ya barua zako kufika.

Basi zile hazikuwa nakala, kaka. Uliziandika mwenyewe, moja moja, na hazirudishiki. Nimekuandikia barua pepe tena, hujajibu.

Bosi ameniruhusu kuondoka keshokutwa. Mwambie mama nakuja, kama bado anauliza.

Mdogo wako,
Shamimu