Mninga wa Kichwani Kwako

Mama Zena,

Kile kigingi cha mninga nilichokuchomekea kichwani siku ya maziko kimekuwa mti. Umenipita kimo. Upepo ukitoka upande wa Ruvu, majani yananong'ona kama ulivyonong'ona wewe ukidhani nimelala.

Mwanzo nilifurahi peke yangu. Kisha mtu akapitisha panga kwenye gome, utomvu mwekundu ukamchuruzika mkononi, na Kurui nzima ikasema kaburi lako linatoa damu. Wakaja kufunga vitambaa vyeupe na kukuomba mvua. Wewe, ambaye ulipokuwa hai mahindi yako yalikauka kila mwaka, nawe ukicheka tu na kusema: "Mihogo ndiyo inayonijua."

Nikanyamaza, nami ndiye niliyejua. Wachimba kaburi waliniagiza kijiti kikavu. Nilikata kibichi, kwenye machipukizi ya kisiki kilekile ambacho mti wake ndio marehemu baba yako aliotupasulia mbao za kitanda. Yeye ndiye aliyenifundisha kwamba mninga mbichi ukiuchomeka kabla ya masika huota. Siku ile nilishindwa, mke wangu. Nilishindwa kukuachia mti mfu.

Nikisinzia kibarazani siku hizi, namwona baba yako juu ya gogo na msumeno wake. Vumbi jekundu linakunyeshea, unapiga chafya, nywele zako zimekuwa rangi ya machweo. Nikiamka, natafuta vumbi hilo kwenye kanzu yangu.

Ningekufa nimenyamaza. Lakini mama mmoja alimlaza mwanawe mwenye homa chini ya mti wako, asimpeleke kwa daktari Kisarawe. Zena akambeba mtoto, mimi nikafuata na fimbo. Amepona. Njiani nilimwambia yule mama ukweli wote, naye akanijibu kwa upole, "Mwalimu, huo ni uzee."

Basi nikachomeka kigingi kingine kibichi cha mninga nyuma ya jiko, watu wakitazama. Masika yalipokolea kikatoa majani. Mtani wetu Mluguru alikizunguka, akatikisa kichwa: "Mwalimu huyu! Watoto wamemshinda, sasa anafundisha kuni."

Walicheka mpaka wakakaa chini. Kesho yake vitambaa vilifunguliwa, kimyakimya. Umebaki mti tu, na wewe umebaki wangu.

Kifua changu hakinipi tena pumzi ya kupanda hadi kwako, kwa hiyo nakuaga kwa kalamu; tutaonana Mola akipenda. Nimemwagiza Zena anilaze ubavuni pako, na kichwani kwangu achomeke kijiti kikavu kabisa. Nakuahidi sitaongeza mwingine. Kivuli cha mmoja kinatutosha.

Baba Zena