Seli Zangu Kwenye Kabati la Joto

Chumba cha juu,
Mtaa wa nyuma ya Hospitali.
Jumapili, 9 Juni.

Mpendwa Kaka,

Pokea salamu nyingi kutoka kwa mdogo wako. Hujambo wewe? Wifi hajambo? Na yule binti yetu mwenye maswali kuliko polisi, anaendeleaje na shule? Mimi mwili haujambo, chakula kinapita, ila usingizi umenihama. Mama yuko imara, na ulimi wake imara zaidi.

Ningeweza kukupigia simu, lakini ungenichekesha, ungegeuza mazungumzo, tungekata bila kusema kitu. Mkono wako ndio ulionikalisha hapa. Ulinieleza kwamba kidole gumba cha kulia kimegoma kufunga vifungo vya shati, eti uzee unabisha hodi. Siku ile nilicheka. Sasa sicheki.

Kazi yangu unaijua, ingawa hupenda kuwaambia watu kuwa dada yako anafuga vidudu. Tunachukua kipande cha ngozi ya mgonjwa, kidogo kama punje ya mchele, tunakilea mpaka seli zake zigeuke neva. Kisha tunatazama kwa hadubini jinsi neva za mwendo, zile zinazoamrisha misuli, zinavyokufa kabla ya wakati wake. Pembeni lazima tuoteshe seli za watu wasio wagonjwa, ili tulinganishe. Watu hao hawapatikani kirahisi, basi wafanyakazi wenyewe hujitolea. Profesa aliniuliza kama kwetu kuna aliyewahi kuugua ugonjwa huu. Nikamjibu hakuna, nikakunja mkono wa blauzi wanikate kipande cha ngozi.

Maana Baba, kama sote tujuavyo, alianguka kwenye ngazi akipaka rangi. Mguu uliokuwa ukiburuta, sauti iliyokuwa ikikwama, vyote tulisingizia kule kuanguka, mpaka tukamzika.

Visahani vyetu vya kuoteshea seli vina namba tu, havina majina, ili macho yasipendelee. Siri ya namba anaitunza fundi wa maabara mpaka tumalize kuhesabu. Kuna kisahani nilikiona neva zake zimenyauka na kukatika mikia, nikakiweka upande wa wagonjwa bila kusita. Fundi alipofungua namba zake akazipitia mara mbili, halafu akamwita Profesa.

"Hiki si cha mgonjwa," alisema.

"Ni cha nani?" Profesa akauliza.

Fundi alinitazama mimi.

Profesa alinitetea kama mwanawe. Akasema huenda kabati la joto tunamotunzia visahani lilipoa, huenda dawa za kulishia seli zilikuwa mbovu. Tukaanza upya, kabati jingine, mikono ya mtu mwingine. Zangu zikafa vilevile.

Kaka, naogopa. Usikimbilie kunitia moyo, niache kwanza niogope. Miaka yote hii nimewaeleza wageni wa maabara habari za ugonjwa huu kwa sauti kavu, kalamu mkononi, na leo nikipanda ngazi za nyumbani nasikiliza miguu yangu.

Nilimpeleleza Mama taratibu tukimenya viazi: Baba aliangukaje hasa? Akasema mguu ulikuwa umeshaanza kuburuta zamani, akamkataza kupanda, naye kwa ubishi wake akapanda. Nikaendelea kumenya. Sikumwambia lolote, nawe tafadhali usimwambie.

Daktari amenieleza kwamba seli za kwenye kisahani si hukumu, damu ndiyo yenye jibu. Nimetoa damu. Ikionekana nimerithi kwa Baba, basi huenda nawe umerithi, na sitaki hata kumfikiria binti yetu.

Jibu limeshatoka. Daktari amenipigia, nikamdanganya kwamba nimebanwa na kazi. Sijaenda kwa sababu nikilisikia sitaweza kukuficha. Unanijua, sina kifua. Na wako wanaotaka kujua mambo haya, wako wasiotaka, na sina haki ya kukuchagulia. Niambie niende, au niambie ningoje.

Ila daktari wa mkono utamwona wiki hii. Hilo sikuombi, nakuamuru, ijapokuwa mimi ndiye mdogo. Pengine ni mshipa umebanwa tu, watautibu, na utanicheka mpaka uchoke. Nitafurahi mno kuchekwa.

Nisalimie Wifi kwa mapenzi, mbusu binti yetu, na shemeji zangu wote huko wape salamu zao. Mungu akuhifadhi, akupe nguvu za mwili na za moyo, nami aniache nikuone.

Wako akupendaye hata ukimkasirisha,
Mdogo wako, Kitinda Mimba.

Tena: Nimeisoma upya barua yako ya mwisho kabla ya kufunga hii. Maneno ni yako, mwandiko ni wa Wifi. Jibu hili liandike mwenyewe, hata herufi zikipinda. Na ukishindwa, mwambie Wifi aandike kwamba umeshindwa.