Leo Sikumwambia Nimesafiri

Jumamosi, Kagongwa. Upepo na vumbi tangu asubuhi. Mimi niko sawa kiasi.

Leo Elias alikuja kujitambulisha kwa mama. Ni dereva wa lori huko Bugarama. Kabla yake walikuwepo wachumba wengine wawili. Mambo yalipokaribia kufika nyumbani, niliacha kupokea simu zao.

Nyumbani kwetu hatukuzoea kuonyesha moyo. Baba alipofariki nilizunguka na birika la chai kuwahudumia waombolezaji, macho makavu. Watu wakanisifu eti jasiri. Nikaamini.

Sasa ninamwona mshauri wa saikolojia, mama mmoja wa Kahama. Aliniambia, "Ukitaka kukimbia, kimbia. Ila kwanza mwambie huyo unayemkimbia unachohisi."

Niliona ni rahisi.

Elias alipopiga simu kwamba ameshuka stendi, nilikuwa nimeshaandika ujumbe: samahani, nimesafiri ghafla. Nikaufuta. Nikaenda stendi. Alikuwa na shati lililopigwa pasi, na mfuko wa zawadi za mama.

Nikamwambia hapohapo, "Elias, nilitaka kukudanganya kwamba nimesafiri. Ninaogopa. Ukinizoea utaona ndani sina kitu."

Nikatamani ardhi ipasuke.

"Kwa hiyo nirudi?"

"Hapana."

"Basi nishikie huu mfuko, mkono umekufa ganzi."

Tukaenda.

Mama alimpokea vizuri. Tulikula wali na kuku, kisha Elias akaeleza kilichomleta. Mama akanigeukia. "Na wewe Kabula, unasemaje?"

Hapo ndipo huwa nakumbuka ghafla kwamba kuna vyombo vya kuosha. Nilibaki kwenye kiti.

"Namtaka, mama."

Sauti ikakatika. Nikalia, mbele ya mgeni, kwikwi kabisa. Elias akainamisha kichwa. Mama akawa hajui aangalie wapi, mwishowe akanipa upande wa khanga yake nijifute.

"Sijakuona ukilia tangu ukiwa mdogo," akasema taratibu.

Kisha akamwambia Elias alete wazee wake.

Sasa kichwa kinaniuma na macho yamevimba. Nikikumbuka zile kwikwi naona aibu hadi masikio yanawaka. Lakini pia nina furaha, na hiyo nayo inanitisha.

Nitaweza kukaa na vyote viwili, aibu na furaha, bila kukimbia?