Mashavu ya Zuhura

Zuhura, mwanangu niliyeringa naye Temeke nzima,

Ni mama yako. Naandika kwa mkono wangu mwenyewe. Kisomo cha watu wazima nimemaliza, na mwalimu kasema darasa zima hakuna mwenye mwandiko kama wangu. Wa kumwonyesha ndiye sina.

Kwenye foleni ya sukari nilikuwaga nakubeba makusudi, na miguu unayo, ili wakuone. Mama Chausiku wa nyumba ya pili anakufinya mashavu: "Shoga, mwanao unamlisha nini? Wa kwetu vijiti!" Namjibu, "Uliza kwanza mama yake nani!" Nawe unacheka, macho yanapotelea kwenye nyama.

Kumbe yalikuwa matone, mwanangu. Yale matone ya sikio lako lililotoka usaha. Tukiacha, usaha unarudi, basi nikawa nakutia kila siku, umelala mapajani kwangu, unalalamika, "Mama, baridi." Miezi ikapita. Gauni la Idi likakubana tumboni, lakini urefu ukabaki uleule. Nikasema umemfuata bibi yako, mfupi mnene.

Kisha matone yakaadimika, madukani hakuna. Homa nayo ikakushika papo hapo. Ukatapika, ukalegea mikononi mwangu kama kanga iliyoloa. Ukaenda.

Daktari alinieleza baadaye. Ngoma ya sikio ilikuwa na tundu, dawa ikawa inapenya hadi kwenye damu, ndiyo iliyokuvimbisha uso. Mwili ukazoea kuletewa, ukaacha kutengeneza dawa yake wenyewe ya kuhimili maradhi. Dawa ilipokatika ghafla, ukawa huna akiba. Akasema, "Si kosa lako, mama." Nikamwambia, "Sijakuuliza."

Picha yako ni moja tu, ina mashavu yale. Naitazama, namwona mtoto wa dawa. Uso wako wenyewe, wa kabla ya matone, najaribu kuukumbuka nikiwa jikoni, nikiwa bombani. Hauji. Mwanangu, nimekuzika na sura yako siijui.

Mdogo wako Asha anatembea sasa. Mwembamba. Mama Chausiku ananitania, "Huyu mbona umemnyima?" Mie, niliyekuwa na jibu la kila mtu, naushika uso wa Asha, naugeuza huku na huku, nakutafuta.

Lala, Zuhura wangu. Siku nikikuona usoni mwa Asha, nitakuja makaburini kukwambia ulivyokuwa mzuri. Nisipokuona, nitakuja vilevile, nikae.

Mama yako