Mwenzangu wa Kukaa Kimya

Chuoni, Butiama
Mwezi wa sita

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo Mama. Nakusalimu kwa heshima na kwa kukukumbuka sana. Hamjambo hapo Guta? Mgongo wa Baba umepoa? Pamba mmeshaanza kuchuma, au bado inafumbua? Mimi ni mzima, nakula vizuri na usingizi ninaupata. Simu na mimi unatujua, sauti isiyo na uso inanichanganya, ndiyo maana nimeandika. Barua hii atakuletea mjomba Chrispin.

Tangu yule daktari wa Musoma atuambie kwamba hali yangu inaitwa usonji, umekuwa ukiuliza kama chuo nitakiweza. Nilikuwa nakujibu kwamba naendelea vizuri. Ukweli ni kwamba mwanzoni sikukiweza. Ukumbi wetu wa masomo umeezekwa bati. Viti vikiburutwa, feni zikivuma, watu wote wakiongea kwa pamoja, nilikuwaga nahisi nimezama, na zile sauti ndiyo maji yenyewe. Nikawa nakaa nje chini ya dirisha, somo linanifikia vipande vipande, huku nikiangalia vivuli vya mawingu vikitembea juu ya vilima. Nilishaanza kufikiria nirudi nyumbani nichunge.

Ndipo madam Benedikta wa ofisi ya wanafunzi alipoanzisha mpango wake. Mwanafunzi wa miaka ya juu anaambatana na mwanafunzi mgeni mwenye usonji kama mwenzake, bila kumfundisha wala kumlinda. Mimi nilipewa Revocatus wa mwaka wa tatu, kijana wa Kamunyonge kule Musoma. Mama, yule mtu anaongea! Siku ya kwanza alinishika mkono, akanipiga bega, akanieleza habari za mpira, za wali wa kantini na za shangazi yake, vyote kwa pumzi moja. Mimi nikawa naangalia mlango tu. Kesho yake alirudi taratibu, akasimama mbali kidogo, akauliza, "Enoka, unataka nikufanyie nini?"

Sikuwahi kuulizwa hivyo na mtu. Nilifikiri kwa muda mrefu, naye akangoja. Nikamwambia, "Tukae tusiongee."

Tukaenda kukaa kwenye mawe nyuma ya bweni. Upepo wa jioni ulikuwa unapita kwenye majani makavu, jua limekuwa kama mafuta ya alizeti, na ng'ombe wa watu walikuwa wanarudi wakiburuta vumbi la rangi ya asali. Nilihisi mwili wangu unanirudia kidogo kidogo, kama mtu anayeshuka kutoka ndotoni. Revocatus alikuwa anatikisa mguu, maneno yamemjaa kinywani, lakini hakutoa hata moja. Tangu siku hiyo ikawa desturi yetu. Baadaye akanipeleka ukumbini asubuhi kabla watu hawajafika, tukachagua kiti karibu na mlango, nikazoea harufu ya mahali pale. Ratiba ikibadilika, ananiambia mapema. Nikarudi darasani.

Kisha ikaja kazi ya kikundi, kueleza mbele ya darasa ugonjwa wa mnyauko wa pamba. Kiongozi wetu, Renatus, alisema waziwazi kwamba niondolewe, nitawaangusha. Nilitegemea Revocatus atanisemea. Hakunisemea. Alinigeukia akaniuliza mimi ninataka nini. Nikasema nitaongea, ila nitawapa mgongo, na tafadhali watu wasipige makofi. Renatus alicheka, halafu akaona sicheki.

Nikalipa darasa mgongo, nikachora mche ubaoni, kuanzia mzizi. Nilipofika kwenye shina sikuwa chuoni tena, nilikuwa shambani kwetu asubuhi na umande, nikiyasema tu niliyoyaona huko. Mwalimu aliuliza maswali, nikajibu. Nilipogeuka, hakuna aliyepiga makofi. Walikuwa wametulia, wananitazama, na Renatus alikuwa anaandika.

Mama, sasa nafika kwenye jambo lililonifanya nishike kalamu. Juzi Revocatus alinipeleka kwao. Tulikaa ufukweni, ziwa limelala, huwezi kujua maji yanaishia wapi na mbingu inaanzia wapi. Akaniuliza kabla yake yeye nani alikuwaga ananielekeza, maana mtu hafiki chuo kikuu peke yake. Nikamjibu bila kufikiri: Mama.

Halafu nikakuona. Nilikuona kwenye harusi ya dada Sara, ulipotoweka tukakukuta zizini, na mashangazi wakasema unaringa. Nilikuona ukijifunika kanga masikioni mvua ikipiga bati. Nilikuona ukipanga maharage ya mbegu kwa rangi, na ole wake atakayeyachanganya. Nilipokuwa mdogo nikilia mnadani, watu walikuambia unichape. Wewe ulinipeleka kwa ng'ombe ukaniambia, "Sikiliza wanavyocheua." Ulijuaje?

Mimi si daktari, wala sikupi jina usilolitaka. Ila nadhani mimi na wewe tumefinyangwa kwa udongo mmoja. Na kama ni hivyo, basi hukuwahi kuringa, Mama. Ulikuwa umechoka, na hapakuwa na mtu wa kukuuliza unataka nini.

Muhula ujao, nikiingia mwaka wa pili, na mimi nitaambatana na mgeni, msichana anaitwa Matrida. Nimeambiwa hapendi kutazamwa usoni. Hilo nitaliweza.

Njoo unitembelee pamba ikiisha. Ukitaka tulizungumze hili, tutazungumza. Usipotaka, mawe yapo, na Revocatus ameapa atafunga mdomo mpaka uondoke.

Nisalimie Baba, Sara na shemeji, na majirani wote wanaoniulizia. Mungu akutunze, akupe na utulivu.

Ni mimi mwanao,
Enoka