Ukungu wa Jicho la Kulia

Jumatatu, 3 Machi
Kibanzi kimenirukia jichoni nikiranda fremu ya mlango wa shule. La kulia — jicho la kazi! Mke wangu kakitoa kwa ncha ya kitambaa. Kanitania ati miaka yote naona vibanzi vya wenzangu, leo nimepata changu. Miwani ya kazi ilikuwa imetundikwa msumarini. Kesho litapoa.

Alhamisi, 6 Machi
Jekundu. Shemeji kaleta dawa ya matone, ilibaki alipougua macho mwaka juzi. Nimetia, wekundu ukapungua palepale. Hospitali ya nini?

Jumanne, 11 Machi
Mwanga unachoma. Mke: mficha maradhi kifo humuumbua. Basi, zahanati. Nimemwambia muuguzi naona ukungu. Kanipa dawa ya bakteria.

Ijumaa, 14 Machi
Hospitali ya macho. Daktari kalitia ganzi, kakwangua kidogo, kapeleka maabara. Sikutikisika hata ukope.

Jumatatu, 17 Machi
Daktari: ni ukungu. Nikamwambia ndivyo nilivyosema tangu zahanati! Kacheka. Wangu ni wa kuona, wake ni wa kuota — kama ule wa mkate uliosahauliwa kabatini. Umeingia na kibanzi. Ni nadra, tena kwa mtu kama mimi, sina sukari wala chochote, wamepima vyote.
Kauliza nilitia nini mwanzo. Nikaitaja chupa ya shemeji. Kaeleza: Dawa ile huondoa wekundu, lakini ukungu hunawiri nayo. Siku tano nimeufuga mwenyewe.
Dawa mpya kila saa. Kovu likikaa katikati, jicho litabaki la pambo. Nimeogopa. Hapa sina wa kumdanganya.

Jumamosi, 29 Machi
Kidonda kinafunga! Nilijua. Simu ya mke ikilia tu saa ya matone, nainua kidevu kama kifaranga. Shemeji kaja kuomba radhi. Nimemwambia mkono uliotia ni wangu.

Jumapili, 6 Aprili
Daktari karidhika: ukungu umekwisha. Jicho lipewe muda, kasema. Muda gani tena? Milango ya shule inasubiri.
Nimeingia karakana. Ubao mimi sipimi kwa rula. Nafumba la kushoto, nachungulia ukingo kwa la kulia. Mke kashika ncha ya pili. Umepinda katikati. Mbovu, nikamwambia, lete mwingine. Nao umepinda, palepale. Wa tatu pia.
Kauliza taratibu, zote?
Nimemwambia ashike vizuri, alete wa nne —